Viti vya sofa katika majengo ya umma: kuchagua, kukagua na kutunza visigeuke kuni

Sofa ya watu watatu iliyojazwa sponji ya kawaida ya poliurithani, ikishika moto barabara, inaweza kutoa joto la megawati 2 hadi 3, na hufika hapo ndani ya dakika chache. Chumba kidogo kinahitaji kama megawati 1 tu ili hewa ya darini ikaribie nyuzi 600 za Selsiasi na kila kilichomo kishike moto kwa mkupuo. Kabla ya hapo moshi umekwisha kujaa kwenye ukumbi na ngazi, umebeba kaboni monoksidi na sianidi ya haidrojeni, gesi zinazomwangusha mtu hata mwali haujamkaribia. Moto wa duka la Woolworths mjini Manchester, tarehe 8 Mei 1979, ulianzia penye fenicha za sponji ukaua watu 10. Ule wa ukumbi wa Stardust mjini Dublin, tarehe 14 Februari 1981, ulienea kwenye safu za viti vyenye sponji ukaua watu 48.

Mwongozo huu ni wa anayenunua, anayeshona au anayesimamia viti vya kukalia wageni: mapokezi ya hoteli, chumba cha kungojea hospitalini, maktaba, ukumbi wa starehe, bweni. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo, maana makosa mengi yanatokana na kulisahau: kinachofaulu au kufeli mbele ya moto ni mkusanyiko mzima, yaani kitambaa cha juu, kitambaa cha kati (kinachovishwa sponji chini ya kile cha juu) na sponji vikiwa vimeshonwa pamoja. Kitambaa kilichofaulu juu ya sponji fulani kinaweza kufeli juu ya sponji nyingine. Kwa hiyo cheti cha kitambaa peke yake si cheti cha kiti.

Hatua ya 1: Pima hatari ya chumba kabla ya kutazama kiti

Kiwango cha Uingereza, BS 7176, kimeandikwa mahsusi kwa fenicha za majengo yasiyo makazi binafsi, na mpangilio wake ni mwepesi kutumia hata mahali ambapo kiwango chenyewe hakitajwi na sheria. Hugawa matumizi katika ngazi nne.

Hatari ya chini ni ofisi, shule, vyuo, makumbusho. Hapo kiti lazima kistahimili sigara inayofukuta na mwali wa ukubwa wa njiti ya kiberiti. Hatari ya kati ni hoteli, mikahawa, baa, kumbi za starehe, hospitali na majengo yanayoingiwa na kila mtu. Hapo huongezwa chanzo cha moto namba 5, ambacho tutakieleza katika Hatua ya 2. Hatari ya juu ni sehemu za kulala katika baadhi ya wodi na mabweni, pamoja na mitambo ya baharini, na hupimwa kwa chanzo namba 7. Hatari ya juu kabisa ni vyumba vya magereza na mfano wake. Hapo anayeagiza ndiye anayeweka masharti zaidi ya chanzo namba 7.

Ukiwa katikati ya ngazi mbili, jiulize maswali matatu. Je, watu wanalala humo? Je, wanaweza kutoka wenyewe bila kubebwa? Je, kuna mtu anayekiona kiti hicho muda wote? Chumba cha kungojea kilichofichika nyuma ya ukumbi, kisicho na mhudumu usiku, kistahili ngazi ya juu kuliko mapokezi yenye mlinzi, hata kama vyote viko katika jengo moja.

Hatua ya 2: Jua kila kipimo kinapima nini

BS 5852, kiwango kingine cha Uingereza, ndiyo inayoeleza vyanzo vya moto. Namba 0 ni sigara. Namba 1 ni mwali mdogo wa gesi ya butani unaoshikiliwa kwa sekunde 20. Namba 2 na 3 ni miali mikubwa zaidi ya gesi. Namba 4 hadi 7 ni vichanja, yaani vijiti vya mbao vilivyopangwa kwa kupishana na kuwashwa juu ya kiti: namba 4 kina gramu 8.5, namba 5 gramu 17, namba 6 gramu 60, na namba 7 gramu 126. Kwa kukadiria tu, namba 5 hulinganishwa na kurasa mbili za gazeti zilizokunjwa na kuwashwa.

Vipande vya kupimia, vyenye unene wa milimita 75, hupangwa viwili: kimoja kimelala, kingine kimesimama nyuma yake. Chanzo huwekwa pale vinapokutana. Hapo pamechaguliwa kwa makusudi. Kwenye pembe ya kalio na mgongo joto hurudishwa na pande zote mbili, na ndipo sigara huteleza na kukwama. Kwa vichanja namba 4 na 5, mwali lazima uzimike wenyewe ndani ya dakika 10 na mfukuto ndani ya dakika 60, bila moto kutoboa unene wote wala kufika kingoni.

Ulaya hutumia viwango vya EN 1021-1 kwa sigara, ambapo kiti huangaliwa kwa dakika 60, na EN 1021-2 kwa mwali wa sekunde 15, ambapo miali lazima ife ndani ya sekunde 120. Vipimo hivi viwili vinalingana na hatari ya chini tu. Muuzaji akikuletea ripoti ya EN 1021 kwa ajili ya ukumbi wa starehe, amekuletea nusu ya unachohitaji.

Marekani ina historia iliyopinda kidogo. Jimbo la California lilikuwa na kipimo kiitwacho TB 133 kwa majengo ya umma: kiti kizima huwashwa kwa kichomeo cha gesi kwa sekunde 80, na kilele cha kasi ya kutoa joto kisizidi kilowati 80, wala joto lote la dakika 10 za mwanzo lisizidi megajuli 25. Jimbo lilifuta kipimo hicho mwaka 2019, lakini bado kimejaa katika nyaraka za zabuni, na vikomo hivyohivyo vimo katika NFPA 101, kanuni ya Marekani ya usalama wa watu majengoni dhidi ya moto, kwa kupima kwa njia ya kiwango cha ASTM E1537, kwa aina za majengo zinazotajwa humo na pale ambapo hakuna vinyunyizi vya maji vya darini. TB 117-2013, kipimo kingine cha California kilichofanywa kuwa sharti la nchi nzima tangu tarehe 25 Juni 2021 kwa jina la 16 CFR 1640, hupima mfukuto wa sigara tu. Haina mwali wa wazi hata kidogo. Lebo yake ni ya kweli, ila haijibu swali la mtu aliyewasha gazeti juu ya kiti.

Hatua ya 3: Andika sharti lako kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma

Usiandike "viti viwe visivyoshika moto". Sentensi hiyo haipimiki, na mzabuni yeyote ataijibu kwa cheti chochote. Andika kiwango, chanzo, mkusanyiko na hali yake. Kwa mfano: "Mkusanyiko kamili wa kitambaa, kitambaa cha kati na sponji ufaulu BS 7176 hatari ya kati, ikiwemo chanzo namba 5 cha BS 5852, baada ya kitambaa kuloweshwa maji. Ripoti itaje jina, uzito na rangi za kitambaa pamoja na aina na msongamano wa sponji itakayotumika."

Kulowesha kuna maana kubwa. Kitambaa huzamishwa kwa dakika 30 katika maji ya nyuzi 40, kikaushwe, ndipo kipimwe. Kitambaa kilichopakwa chumvi za fosfeti zinazoyeyuka hufaulu kikiwa kikavu na kipya, kisha hufeli baada ya kusafishwa mara moja. Ripoti isiyotaja kulowesha inafaa kwa kiti ambacho hakitamwagikiwa chai kamwe, na kiti hicho hakipo.

Hatua ya 4: Chagua nyenzo ukijua tabia zake

Sponji ya kawaida ya poliurithani huyeyuka, hudondoka na kutengeneza kidimbwi cha moto chini ya kiti. Iliyoboreshwa kwa kutiwa unga wa melamini hupunguza kasi hiyo na ndiyo inayotumika zaidi kwenye hatari ya kati. Yenye grafaiti inayofutuka ni ngumu zaidi kuwaka kwa sababu ikipata joto huumuka na kujifunika kwa ganda la kaboni. Utaikuta kwenye ndege, treni na vyumba vya magereza. Rangi ya sponji haithibitishi chochote, ingawa grafaiti huipa kijivu kizito.

Kwa kitambaa cha juu, tofauti iliyo muhimu ni kati ya kinachofukuta na kinachoyeyuka. Pamba, kitani na reyoni hufukuta: sigara huacha kaa linalotambaa polepole hadi kwenye sponji, na mwali unaweza kutokea baada ya saa nzima, watu wakiwa wamekwisha kwenda kulala. Poliesta na polipropilini hazijali sana sigara, ila mwali ukizigusa hujikunja na kuyeyuka, zikaacha sponji wazi. Kitambaa cha poliesta cheupe na chepesi kinaweza kufaulu sigara bila tatizo na kufeli kichanja namba 5 kwa dakika mbili. Sufu nzito ndiyo inayojitetea vizuri kwa asili yake, maana hugeuka mkaa na kubaki mahali pake. Ngozi halisi nayo huwa mkaa, lakini ngozi bandia hutegemea kabisa kilicho nyuma yake.

Kitambaa cha kati ndicho kinachookoa mikusanyiko dhaifu. Huwa ni kitambaa cha pamba kilichotiwa dawa, au cha nyuzi za aramidi (nyuzi za kutengenezwa zinazostahimili joto kali), au chenye nyuzi za kioo, kinachofunika sponji yote kabla ya kitambaa cha juu. Kikiwepo, unaweza kutumia kitambaa cha juu kizuri kwa macho ambacho peke yake kingefeli. Kwa jengo lenye vitambaa vya aina nyingi, hii ndiyo njia tunayoipendelea kuliko kutegemea dawa iliyopakwa nyuma ya kitambaa: upako hupasuka kwenye mikunjo na kupukutika kwa miaka, na dawa zenye bromini zimezidi kuwekewa vikwazo. DekaBDE, mojawapo ya dawa hizo, iliingizwa mwaka 2017 katika Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, na California tangu 2020 hairuhusu fenicha mpya za sponji zenye dawa za kuzuia moto zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni.

Hatua ya 5: Isome ripoti kama unayetafuta kosa

Anza na ukurasa unaoeleza sampuli, siyo ule wenye neno "imefaulu". Tafuta: je, kilichopimwa ni mkusanyiko wako? Kuna mtego mmoja unaonasa hata wanunuzi wazoefu. Kanuni za Uingereza za mwaka 1988 kwa fenicha za majumbani hudai sponji yenyewe ipimwe kwa chanzo namba 5, ikiwa imevikwa kitambaa cha kawaida cha maabara, na isipoteze zaidi ya gramu 60. Kwa hiyo muuzaji anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba sponji yake "ina namba 5", huku kiti chake kizima hakijawahi kuwekewa kichanja hata siku moja. Sponji yenye namba 5 na kitambaa chenye namba 1 havijumlishi kuwa kiti chenye namba 5.

Kisha tazama tarehe, jina la maabara na ithibati yake kwa kipimo hichohicho, na kama rangi ulizochagua zimo. Rangi nzito na upako tofauti wa nyuma huweza kubadilisha matokeo. Ripoti isiyo na namba ya sampuli, au iliyokatwa kurasa, irudishe. Mtengenezaji makini anayo nzima.

Hatua ya 6: Kagua siku ya kupokea mzigo

Udanganyifu, au haraka ya karakana, huonekana hapa. Chukua kiti kimoja katika kila kundi, si kile unachoonyeshwa. Fungua zipu. Kitambaa cha kati kiwe kimezunguka sponji pande zote sita, siyo upande wa juu tu. Chini na nyuma ndiko kunakoachwa wazi ili kubana matumizi.

Pima sponji. Mto wa sentimita 50 kwa 50 kwa 10 una ujazo wa mita za ujazo 0.025. Ripoti ikisema msongamano ni kilo 35 kwa mita ya ujazo, sponji hiyo bila kava iwe na uzito wa karibu gramu 875. Ukikuta gramu 500, sponji imebadilishwa, haijalishi lebo inasema nini. Uzito sahihi hauthibitishi kwamba haiwaki, lakini uzito usio sahihi unathibitisha kwamba siyo iliyopimwa.

Usijaribu kuwasha kiti kwa kiberiti ndani ya jengo "kuona tu". Kipande cha kitambaa chenye upana wa vidole viwili kinaweza kuchomwa nje, kimeshikwa kwa koleo juu ya ndoo ya maji, ili kutambua kama kinayeyuka au kinakuwa mkaa. Jaribio hilo hutambua aina ya nyuzi basi, halichukui nafasi ya maabara.

Omba mita 1 ya kitambaa na kipande cha sponji, vifungashe pamoja na nakala ya ripoti, uvitunze. Miaka mitano baadaye, mtu akitaka kujua kilichomo kwenye viti, hicho kifurushi ndicho kitakachojibu.

Hatua ya 7: Panga viti kwa akili

Kiti kilichofaulu bado kinawaka kikipewa moto mkubwa kuliko ule wa kipimo. Kisiwekwe kwenye ngazi, wala kwenye ukanda ambao ndiyo njia pekee ya kutokea. Kiwe mbali na hita angalau mita 1. Soketi za kuchajia simu zilizojengwa ndani ya sofa zihesabiwe kama chanzo cha moto kilichopachikwa katikati ya kuni: zitenganishwe na sponji kwa kasha la chuma au plastiki isiyoshika moto, na waya usipite chini ya mto.

Tazama pia nafasi iliyo chini ya kiti. Uwazi unaoingiza mkono huingiza karatasi na chupa, na moto unaoanzia chini hukutana na upande ambao mara nyingi haukupimwa. Ama uwazi uzibwe hadi sakafuni, ama uwe mkubwa kiasi cha kufagilika kwa urahisi. Viti visivyotumika visirundikwe: vitano vilivyopandana huwaka kwa nguvu ambayo hakuna cheti cha kiti kimoja kinachoizungumzia.

Hatua ya 8: Kubadilisha kava bila kubomoa usalama

Hapa ndipo viti vingi vizuri hufa kimyakimya. Siku kava likibadilishwa, ripoti ya zamani imekoma kuwa na maana, isipokuwa kitambaa, kitambaa cha kati na sponji vinabaki vilevile au una ripoti ya mkusanyiko mpya.

Mwambie fundi avue hadi fremu. Kushona kava jipya juu ya la zamani huongeza kinachoungua na kutengeneza mkusanyiko ambao haukupimwa na mtu. Sponji iliyolegea au inayotoa unga ibadilishwe yote, si kujaziwa mabaki ya karakana. Kitambaa cha kati kivishwe sponji nzima, kingo zipishane angalau sentimita 2, na maungio yake yawe chini au nyuma, yasikae penye pembe ya kalio na mgongo wala ukingo wa mbele. Vifungo vya mapambo vinavyotoboa hadi ndani ni vitundu kwenye ngao, kwa hiyo kwenye hatari ya kati na zaidi ni bora viachwe. Uzi wa kawaida wa poliesta huyeyuka na mshono ukaachana. Kwa hatari ya juu tumia uzi wa aramidi.

Gundi ya kupulizia nayo ihesabiwe. Ikimwagwa kwa wingi kati ya sponji na kitambaa cha kati huwa kuni ya ziada, na huzuia kitambaa kujitenga na sponji kinapopata joto. Ipulizwe kidogo, kingoni tu, na kiti kiachwe kikauke mahali penye hewa kabla ya kurudi ukumbini.

Mwishoni fundi ashone lebo mpya yenye tarehe, jina la kitambaa, aina ya sponji na namba ya ripoti. Ya zamani iondolewe.

Hatua ya 9: Kusafisha na kukagua

Fuata maelekezo ya msambazaji wa kitambaa kuhusu sabuni. Dawa kali za kutoa madoa na klorini huvunja upako wa nyuma. Dawa za kupulizia zinazouzwa kwa ahadi ya "kuzuia moto" zitumike tu ikiwa una ripoti ya kitambaa chako kilichopuliziwa dawa hiyo, na tarehe ya kurudia ijulikane, kwa maana nyingi huoshwa na maji.

Kila mwezi mhudumu apitishe mkono kwenye pembe za viti, atoe karatasi na vumbi, na aangalie michaniko. Kanuni iwe rahisi kiasi kwamba haihitaji mjadala: sponji ikionekana, kiti kinatoka ukumbini siku hiyohiyo. Utepe wa gundi si matengenezo, huungua upesi kuliko kitambaa. Alama za kuungua kwa sigara zirekodiwe na mahali zilipo, kwani zikijirudia kwenye kona moja tatizo ni usimamizi wa kona hiyo, na hakuna kitambaa kitakachoutibu.

Kiti kikiondolewa, kiondoke kwenye jengo. Tabia ya kuvihamishia viti vilivyochakaa kwenye chumba cha walinzi au stoo ya nyuma huweka sponji tupu mahali ambapo hakuna kigundua moshi na mtu analala. Visichomwe uani: moshi wa sponji ya zamani hubeba sianidi pamoja na mabaki ya dawa zenye bromini. Kata kava ili kisirudishwe kutumika, tenga chuma na mbao, na sponji ikabidhiwe kwa wanaopokea taka za aina hiyo, ikiwa imeandikwa mwaka wa kutengenezwa kama lebo bado ipo.